Fundi Kwa Nini

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini u mzima, na lile goti limeacha kukusumbua kwenye ngazi. Shemeji na watoto nawasalimu sana. Sisi huku hatujambo. Mwanangu amerefuka mpaka sare yake nimeikunjua pindo lote na bado haifiki magotini.

Kazini tumepata fundi mpya wa vyerehani. Kiswahili amekutana nacho ukubwani, na kila akifungua mashine anafungua na swali, ndiyo maana tumembandika jina la Fundi Kwa Nini. Aliuliza kwa nini mtu anayetoka mlangoni kwenda zake husema "nakuja". Aliuliza inakuwaje njaa ndiyo ituume, na wenye meno ni sisi. Akataka kujua, ikiwa macho yakibaki moja ni jicho, je, maji yakibaki moja yanaitwaje? Mkata vitambaa wetu, unamjua mdomo wake, akamwambia asubiri kiangazi, bomba likianza kudondosha atamwonyesha "ji" moja.

Siku nyingine alimtafuta mama mwenye karakana, akaambiwa yuko nyuma anapanda mti. Na mwili ule wa bosi wetu! Fundi wa watu akatoka mbio na ngazi begani kwenda kumteremsha. Alimkuta ameinama na jembe, mche mbele yake, anamwuliza ngazi ni ya nini. Tulicheka hadi kazi ikasimama, naye alicheka kutushinda. Nikaipenda ile.

Lakini swali moja halikunichekesha. Alisikia wenzangu wakisema marehemu mume wangu ametangulia. Alipokuja kunibadilishia sindano, akaniuliza taratibu, kama mtu anayeuliza njia, "Ametangulia. Na wewe uko njiani, unamfuata?"

Nilishona kola juu chini, nikafumua, nikaikosea tena. Nilipofika nyumbani nikaziona nguo zake bado zimening'inia nyuma ya mlango, na kiti chake ambacho sijamruhusu hata mtoto kukikalia. Dada, kweli nilikuwa njiani. Nilikuwa namfuata mdogo mdogo, na binti yangu nimemshika mkono.

Kesho yake nilimjibu kwamba nimesimama. Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kutia mafuta mashine yangu. Tangu hapo tukawa tunakunywa chai pamoja, yeye na maswali yake, mimi na majibu ya kubahatisha.

Sasa dada, vuta kiti, kwa maana nimezunguka mbuyu vya kutosha. Wiki iliyopita alikuja karakana na shati lililopigwa pasi, akasimama mbele ya mashine yangu, akasema maneno aliyoyakariri, tena kwa sauti ya kusikika, "Naomba kuolewa na wewe."

Vyerehani vyote vilinyamaza, kisha kicheko kikalipuka. Mkata vitambaa alikaa chini kabisa. Fundi akatutazama mmoja mmoja, akijua amekosea na asijue ni wapi. Safari hii hakucheka. Uso ukaanza kumshuka, nami sikutaka ushuke.

Nikamwambia, "Haya. Nitakuoa."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, na sijajuta. Mwanangu nilimwuliza kabla ya mtu mwingine yeyote. Akasema anamtaka, ila asimfundishe kusoma. Jana fundi alimwamkia shikamoo, naye bila haya akaitikia marahaba.

Kilichobaki ni mama. Najua atasema kwa nini nisingetafuta mtu wa kwetu, anayesema kama sisi. Nakuomba unitangulie kwake, wewe ndiye unayejua kumwingia. Mwambie wanaosema kama sisi walinipa pole zote, na Mungu awalipe. Huyu aliniuliza swali, akangoja jibu langu.

Msalimie jirani yako wa ukumbi mmoja, na goti ulikande kwa maji ya moto. Nangoja neno lako kwa hamu, na kwa woga kidogo.

Ni mimi mdogo wako,
Kitinda mimba