Maksai Wetu Wasichinjwe

Maganga mwanangu,

Nani kakuroga hata ukubali maksai wetu wachinjwe kulipokea trekta hapo Kigwa? Huku Urambo kwa dada yako walifanya hivyohivyo mwaka jana. Walikula nyama, wakacheza ngoma, na plau wakaitupa. Leo trekta limesimama, dizeli hakuna, kuku wanataga kwenye kiti cha dereva. Mvua imeshaanza na shamba la kijiji ni nyasi tupu.

Jana nilimuuliza mwenyekiti wao tutakula nini. Akanijibu, "Bibi, vuta subira. Wageni wanatoboa chini ya bahari huko pwani. Mafuta yetu yako njiani."

Nikamwambia, "Mwenyekiti, bahari hiyo itakuja kulima Urambo?"

Watu wakacheka, kisha wakaanza kubishana iwapo mafuta hayo yatakuwa ya taifa au ya hao wenye mashine. Na hata tone hawajaliona! Mimi sikucheka. Dada yako ananyonyesha, na ghalani mwake mtama umebaki wa kulisha kuku tu. Nakoroga uji mwepesi. Njaa naijua, Maganga. Naiogopa kuliko simba.

Mjukuu wangu Sizya mwambie namkumbuka kila nikilala. Trekta likija, lipigieni makofi, yatosha. Wewe ukishasoma barua hii, kesho yake alfajiri wafunge maksai nira ulime, na ukimaliza walete huku kwa miguu, kwa njia ileile ya misafara aliyopita babu yako na mizigo kichwani.

Mama yako