Ramani Uliyotia Sahihi Bila Kuisoma

Baba Idrisa wangu,

Nakuandikia nikiwa nimeegemea mito mitatu katika chumba chetu, kile cha mbele, ambacho jua la asubuhi hufika hadi miguuni mwa kitanda. Usicheke mwandiko. Wewe ndiye uliyekuwa ukiwatambia watu kwamba mkeo anaandika kama mashine. Daktari ameacha kunipangia siku ya kurudi. Hunishika bega tu kama bibi yake na kusema, "Pumzika, Jaja." Nimefundisha jiografia miaka ya kutosha kujua mtu anapofika ukingoni mwa ramani.

Ninalo la kukuambia kabla ya Ijumaa. Ijumaa baada ya swala, mwanao Idrisa na mkewe Rehema watakuja niwasomee dua, kisha waanze kuchimba msingi wa nyumba yao mpya. Siku hiyo nitasema mbele yao jambo nililokuficha mpaka ukafa. Wewe ni mume wangu, una haki ya kulisikia kwanza.

Nyumba hii haikujengwa kwa ramani ya Haji Twaha.

Nimeliandika. Niliweka kalamu chini, nikanywa maji, na paa bado liko juu yangu.

Unakumbuka tulivyokuwa Kalerwe, vyumba viwili vya kupanga nyuma ya wauza kabichi, watoto wakilala miguu yao ikigusa jiko? Tulipopata kiwanja hiki cha Kawempe, kila mtu alikuwa na ushauri. Wengine walisema tusihangaike, fundi mzuri ana ramani kichwani. Wengine walituonyesha ramani zilizokwisha chorwa, zikiuzwa mjini zimetundikwa kama kalenda, unachagua picha unaondoka nayo. Mimi nilisema twende kwa mchoraji aje akione kiwanja, atuchoree yetu. Ulinitazama kama niliyeomba kujengewa ikulu.

"Mwalimu," ukasema, "kuta ni kuta. Tutalala ndani yake, hatutaisoma."

Wiki haikuisha ukarudi kutoka soko la Owino, kwenye kibanda chako cha vitambaa, na karatasi imeviringwa kwapani. Haji Twaha, jirani yako wa sokoni, alikuwa amekuazima ramani ya nyumba yake ya barabarani. Ulikuwa na furaha! "Ya bure," ukasema, "na nyumba yenyewe imesimama, tumeiona."

Wewe uliiona kwa nje. Mimi niliiona kwa ndani, siku alipofariki mama yake Haji. Ulikuwa kwenye mabenchi na wanaume wenzako. Sisi wanawake tulikuwa ndani, tumemwosha na kumvika sanda, na jeneza lilipoletwa likakwama koridorini. Koridori ile inakata kona mbili kabla ya kufika nje. Walijaribu kuliinua, wakajaribu kulilaza ubavu, mwisho wakaliacha ukumbini. Wanawe wakaingia, wakambeba mama yao mikononi kama mgonjwa, na kwenye kila kona niliisikia miguu yake ikigonga ukuta. Ninyi huko nje mliliona jeneza likitoka limebeba mtu, mkasimama kwa heshima.

Nilikuambia hayo. Ukasema kifo kiko mbali. Basi nikakuambia la pili, na hili najua ungelikumbuka, kwa sababu ulilisimulia sokoni mwezi mzima.

"Baba Idrisa, kiwanja cha Haji kinatazama barabara. Chetu kinatazama kichochoro. Ukiizungusha ramani hii ikae kwetu, mtu akichuchumaa chooni ameelekea kibla."

"Nani kakuambia?"

"Dira."

"Dira ya watoto wa shule?"

"Dira haijui mtoto wala mkubwa."

"Basi tutachuchumaa upande."

Ukacheka mpaka ukakohoa. Mimi pia nilicheka, ndiyo maana hukujua nimekasirika.

Kesho yake, baada ya vipindi, nilipanda ngazi za duka moja la rangi hapa hapa Kawempe. Juu yake kulikuwa na chumba cha Wafula, Mkenya mwenye miwani iliyofungwa uzi, aliyekuwa akichora ramani za nyumba. Nilitegemea aniulize tunataka vyumba vingapi. Hakushika hata penseli.

"Mama," akasema, "asubuhi ukiamka, kitu cha kwanza unafanya nini?"

Nilikuwa na cheti cha ualimu, nina watoto wawili na mume, na hakuna aliyewahi kuniuliza hilo. Kisha nikaanza kusema na sikuweza kunyamaza tena. Kwamba naamka kabla ya jua kutawadha, na sitaki kukatiza sebule na miguu iliyolowa. Kwamba nasahihisha madaftari huku nikipika, nataka ubao wa kuandikia chini ya dirisha la jiko, na kutoka hapo nilione geti. Kwamba wageni wako wa kiume wafike barazani bila kupita mbele ya sufuria zangu. Kwamba anayechuchumaa atazame ukuta wa jirani, si kibla. Mwisho nikamwambia, "Na chumba chetu kiwe mbele, na mlango mpana ulionyooka, wa kunitoa nikifa."

Wafula akaweka kikombe chini. "Mama, wateja wangu huomba mlango wa gari."

"Gari litakaa nje," nikamjibu. "Mimi ndiye nitakuwa ndani."

Nilimlipa kwa mshahara wangu. Usiulize ni kiasi gani, maana hata ulipokuwa hai hukuuliza.

Sasa nimefika penye dhambi. Karatasi za ofisi ya jiji zilitaka sahihi ya mwenye nyumba, nazo zilikuwa za Kiingereza. Nilikuletea ramani ya Wafula mezani, imekunjwa, jioni, umetoka sokoni na njaa. Ungeweza kuikunjua. Badala yake ukafuta mikono, ukasema, "Wewe ndiye uliyesoma, nionyeshe pa kutia sahihi." Nikaweka kidole. Ukaandika polepole, ukavuta ule mkia wa herufi ya mwisho uliokuwa ukiupenda, ukapuliza wino ukauke. "Haji atafurahi," ukasema.

Uliniamini, na imani ile nikaitumia kama rula. Kwa hilo peke yake nainamisha kichwa, na nimekiinamisha katika kila sijda tangu jioni ile. Kwa mengine yote, hapana. Ningeulizwa leo ningepanda ngazi zile tena, kama miguu ingekubali.

Wewe ulisafiri Nairobi kuchukua vitambaa, na msingi ukachimbwa. Fundi Salongo, mtu wa hapa hapa, alikunjua karatasi akaigeuza mara tatu.

"Mwarimu, hii purani, hii lamani, si ya Haji. Ya Haji mimi najenga mbiri tayari."

"Bwana ametia sahihi?"

Akatazama. "Ametia."

"Sasa wewe unataka kujua kuliko bwana?"

"Hapana, Mwarimu. Mimi iko mtu ya matofari tu."

Uliporudi kuta zilikuwa zimefika kiunoni, na kuta zikiwa kiunoni nyumba zote hufanana. Ukazunguka, ukapiga tofali kofi, ukaniambia, "Unaona? Bila mchoraji."

Na siku Haji alipokuja kuiona imekwisha! Alisimama sebuleni akizungukazunguka kama mtu aliyepotea kwake.

"Hii ni ramani yangu?"

"Ndiyo yenyewe," ukasema.

"Mbona kwangu hakuna upepo?"

"Wewe una wake wawili, Haji. Upepo wanaumaliza wao."

Mkacheka, mkapigana mikono. Tangu siku ile ukawaambia watu wote kwamba nyumba yako na ya Haji ni mapacha. Nilikuwa nikimimina chai. Miaka yote nimemimina chai juu ya maneno hayo, nikarudi jikoni, nikakaa kwenye ubao wangu chini ya dirisha langu, na kuliona geti.

Ulipofariki, jeneza liliingia moja kwa moja hadi kitandani, likatoka moja kwa moja hadi barazani. Hakuna aliyelilaza ubavu. Hukugonga popote, mume wangu. Na pale barazani Haji, akiwa ameegemea fimbo yake, akasema kwa sauti ya kusikika, "Ramani yangu hiyo. Mnaona ilivyo nzuri." Niliuma leso. Wanawake walidhani ni kilio. Nilikuwa na uchungu wako, ndiyo, lakini na hasira nilikuwa nayo, hata siku ile.

Ningeweza kufa nayo. Nilikuwa nimekwisha kusudia hivyo. Lakini wiki iliyopita Idrisa alikuja na fundi kijana na futi ya kupimia, wakaanza kupima kuta zangu nikiwa nimelala humu.

"Unapima nini?"

"Nyumba, Mama. Nitajenga hii hii. Si hata Baba aliinakili kwa Haji? Mambo ya wachoraji ni kujisumbua."

"Kiwanja chenu kinatazama wapi?"

"Barabarani."

Nikafumba macho nikaizungusha nyumba yangu kichwani. Choo kikaenda kule kule, kibla. Ramani yangu mwenyewe, iliyochorwa kwa kichochoro hiki, ikinakiliwa kwenye kiwanja kingine inarudia kosa la Haji.

Lakini si choo kilichonikosesha usingizi. Rehema alikuwa ameshika ncha ya futi ukutani. Unajua yeye hushona magauni ya harusi hapo kwao, sebule nzima imejaa vitambaa vyeupe, na watoto wanaruka juu yake wasikanyage. Nyumba hii haina mahali pa cherehani. Mimi sikuwa mshonaji.

"Rehema," nikamwita, "asubuhi ukiamka, kitu cha kwanza unafanya nini?"

"Anapika chai," akajibu Idrisa.

"Sikukuuliza wewe."

Rehema akatazama ile futi. "Natafuta mwanga, Mama," akasema polepole. "Wa kutungia uzi."

Idrisa akacheka. "Mama, kuta ni kuta!" Kicheko chako kile kile, na kikohozi mwishoni. Nilikupenda kwa kicheko hicho na bado nakupenda. Lakini nilimwona Rehema akicheka naye, na kicheko kile nakifahamu, kwa sababu ni changu.

Kwa hiyo Ijumaa nitawaambia walifungue sanduku lililo chini ya kitanda. Ramani ya Wafula imo, yenye sahihi yako. Nitaikunjua juu ya blanketi na nitawasomea kila mstari na sababu yake. Wafula amefariki, lakini binti yake huchora kwa kompyuta katika chumba kile kile juu ya duka la rangi. Idrisa atampeleka mkewe huko, na yeye Idrisa atakaa kwenye kiti na kunyamaza wakati Rehema anaulizwa. Mpaka hapo sisomi dua. Msingi usubiri. Mimi ndiye nisiyeweza kusubiri, na bado nitasubiri.

Simfundishi Rehema kudanganya. Nataka asije akahitaji.

Watasema nimekuvunjia heshima ukiwa kaburini. Heshima gani? Ulikaa kwenye upepo miaka yote na ukausifu. Wengine watanibembeleza, watasema, "Mama, Baba alijua, alikuwa ananyamaza kwa mapenzi." Hukujua. Ungejua ungesema, wewe hukuweza kuficha hata bei ya nyama. Nililifanya peke yangu, nikaogopa peke yangu, na nikafaulu. Ukilisikia jina langu likitajwa popote huko uliko, usikubali watu wanipokonye hilo.

Nimechoka, Baba Idrisa. Jua limefika miguuni. Nilikuwa mke mwema kwako, nami niliwahi kukudanganya, na yote mawili ni kweli, uyapokee pamoja. Kama unayo ya kunilaumu, yaweke tayari, nakuja kuyasikia. Huko kaburini wengine watanielekeza kibla, nami sitakuwa na la kusema. Lakini kutoka kitandani hapa hadi barazani, njia nimeipima mwenyewe.

Haji bado yu hai, na fimbo yake. Atakuja kunizika, na jeneza likipita mlangoni hataweza kujizuia. Rehema nitamwagiza asimame karibu naye. Haji akisema, "Ramani yangu hiyo," amjibu kwa adabu zote, lakini kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye mabenchi ya wanaume: "Hapana, Haji. Hii ni ya Mama."

Mkeo, Mama Idrisa,
mwenye ramani.