Neno Lisilo na "Si"

Kamalondo, Lubumbashi
Tarehe 3 Machi 2025

Mpendwa Shangazi Olive,

Amani ya Bwana iwe nyumbani kwako. Mgongo umepoa? Mbusa bado anakohoa? Kaka Yannick anasema lililo muhimu ndilo litangulie, lakini siwezi kukuandikia kama mtu asiyekujua.

Sisi tungali wazima. Mama anapika mapema, maana milango ya mtaa hufungwa jua likiwa juu bado. Mafundi cherehani wa jirani wamehamishia mashine zao Lukafu, mbali na mji. Hakuna aliyewatangazia jambo. Kila mmoja alimwona mwenzake akifunga mizigo.

Shangazi, ni juu ya safari yenu ya kuja huku kwetu baada ya Pasaka. Jumapili Papa alikuambia kwenye simu, "Olive, musipite njia ya chini." Madereva wake wawili wamerudi kutoka njia hiyo kwa miguu, bila malori, na hawataki kueleza. Sauti yako ilikatikakatika, tukasikia "...tutapita, kaka," kisha kimya. Tangu hapo simu yako haiiti.

Yannick, anayesomea mambo ya mitandao chuo kikuu kule Kasapa, alieleza kwamba sauti husafiri kwa vifurushi vidogo, na mtandao mbovu huvipoteza. "Si" huingia katika kifurushi kimoja. Kikipotea, "musipite" inakuwa "mupite". Nawe labda ulisema "hatutapita", "ha" ikapotea. Hatujui ulisikia nini, wala ulisema nini.

Papa alifoka: "Matusi ya bashofere inafikaka yote! 'Si' yangu moja tu, ndiyo mtandao imekula!" Tulicheka, kisha tukaacha.

Nikauliza kwa nini tusirudie tu. Yannick akasema kurudia hufaa pale mtu anapoweza kujibu kwamba hakusikia. Kuna njia ya kupanga habari kwa tabaka: kwanza kiini, halafu nyongeza. Haichukui nafasi kubwa, lakini kiini kikipotea, nyongeza zote ni bure. Nyingine hugawa habari mafungu mawili, na kila fungu hubeba habari nzima kwa uhafifu. Alichukua picha ya harusi yako, akatenga mistari yake kwenye kompyuta, mmoja huku, mmoja kule. Zikatoka picha mbili zenye ukungu, na katika kila moja nilikutambua. Njia hiyo hula nafasi zaidi, lakini kwa mtandao wa siku hizi yeye angeichagua.

Nami nimeichagua. Barua hii anakuja nayo Asani, dereva anayepitia Zambia. Nyingine, yenye maneno tofauti, wamepanda nayo ndege masista. Ikifika moja, inatosha.

Nimetafuta neno lisilo na "si", nimelipata: BAKINI. Bakini nyumbani hata baada ya Pasaka, mpaka Papa aje mwenyewe kuwachukua.

Ukipata mtandao, acha kabisa neno "hatutapita". Sema "tumebaki". Hata ikifika "baki", hata "ki" peke yake, tutaelewa. Papa ameweka simu dirishani, inaposhika mtandao, na anayeigusa anajuta.

Mbusa na Bibi Kavugho wapokee salamu zetu. Mungu awafunike kwa mkono wake, nyumba yote, mlango na dirisha.

Mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye na kuisikilizia hiyo "ki",
Jemima