Siku Tatu za Bi. Dhahabu binti Mwidani

Mwaka mmoja umetimia leo, Mama, tangu ututoke, nasi tumeuhitaji mwaka wote huo kutambua jambo lililokuwa mbele ya macho yetu: zile siku tatu ulizokuwa ukituomba hazikuwa za kusitasita. Mimi, Mansur, mwanao wa kwanza, ndiye niliyechelewa zaidi kulitambua, na kwa sababu hiyo wenzangu wamenitaka niandike.

Wanaokufahamu hapa Mtongwe wanaijua desturi yako. Jambo likikufikia, kubwa au dogo, hukuwa mtu wa kujibu papo hapo. Jua likishapanda ulikuwa ukisali rakaa mbili, ukiomba dua ya istikhara ili Mungu akuchagulie lenye kheri, kisha ukiketi barazani kushona makuti. Asubuhi tatu mfululizo. Ulifanya hivyo kwa posa ya dada yetu Jalila, kwa mahali pa kuchimba kisima, hata kwa jogoo wa kufuga.

Mdogo wangu Najib alikuuliza siku moja kama kweli jogoo naye anahitaji istikhara. Ulimjibu bila kuinua macho: "Wewe utamla mara moja. Mimi ataniamsha kila alfajiri."

Mbeyu, jirani yako muuza mboga, ambaye hakosi kanisani Jumapili, alikutania kwamba yeye Mungu humjibu siku hiyo hiyo. Ulimwambia kuwa Mungu ni huyo huyo mmoja, ila wewe humpa nafasi ya kusema.

Nilidhani unangoja ndoto. Nimesoma vitabu vingi kuhusu imani za watu, na desturi yako niliipa mahali pake, kwa heshima, nikaiacha hapo. Sikuona kwamba katika siku hizo tatu ulikuwa ukitembea: ukiuliza, ukisikiliza, ukilipima jambo lako kwa mtu aliyelijua kuliko wewe. Kwa ajili ya kisima tu ulivuka feri ukamfuata mchimbaji hadi Utange, ukaonja maji ya visima alivyokwisha kuwachimbia wengine.

Mwaka juzi chuo kikuu kimoja huko Eldoret kilinipa nafasi ya kufundisha. Nilikueleza Jumatatu asubuhi. Ukaniambia, "Nipe siku tatu, baba." Jumanne niliwaandikia kwamba nimekubali, na mchana, tukiwa tunakula, nikakuarifu. Ukasema, "Kheri, mwanangu. Mungu akutangulie," ukauliza kama huko kuna baridi kali, ukaniongezea mchuzi.

Yaliyobaki nilielezwa na Jalila baada ya arobaini yako. Siku chache kabla ya Jumatatu ile, daktari alikuwa amekwambia kwamba moyo wako umechoka na kwamba hawezi kukuahidi miaka. Siku tatu ulizoniomba hazikuwa za kuipima kazi yangu. Ulikuwa ukimwomba Mungu akuongoze: unieleze kabla sijajibu, au uniache niende na moyo mwepesi. Jumatatu ile ile ulirudi kwa daktari pamoja na Jalila kumwuliza maswali ambayo mara ya kwanza hukuyakumbuka, na njiani ulimwambia kuwa nafsi yako inaelekea kunieleza. Ulikuwa umepanga kunieleza Jumatano, siku ya tatu.

Jumanne, nilipokwisha kula na kuondoka, ulimwita Jalila jikoni.

"Ameshajibu," ulimwambia. "Basi hilo ndilo jawabu langu. Usimwambie."

Uliichukua haraka yangu kuwa ndiyo uongozi wa Mungu. Nimelitafakari jambo hilo mwaka mzima, na sina elimu ya kusema kwamba ulikosea. Ninalolijua ni kwamba katika miezi kumi na mmoja iliyofuata nilikuja nyumbani mara tatu, na kila mara niliondoka mapema kuliko nilivyoahidi. Asubuhi uliyofariki nilikuwa nikisahihisha mitihani. Ulizikwa baada ya alasiri. Mimi nilifika magharibi.

Jalila hatumlaumu. Aliitunza amana uliyompa, nayo ilikuwa nzito.

Mwezi uliopita, nilipokuwa nyumbani kwa likizo, Sabah, bintiye Jalila, alinijia kuniuliza kama akubali kazi ya hoteli huko Bamburi. Jibu nilikuwa nalo tayari. Nilimwambia anipe siku tatu. Nikasali, nikaenda Bamburi kuzungumza na wanaofanya kazi pale, na siku ya tatu, kabla sijasema neno, nikamwuliza kama kuna jambo jingine alilotaka kunieleza. Lilikuwapo.

Unakumbukwa na wanao Mansur, Jalila na Najib; na mjukuu wako Sabah na wadogo zake; na dada yako Kafedha; na Mbeyu, ambaye hata leo huacha fungu la mchicha barazani pako kana kwamba utatoka kulichukua. Mwenyezi Mungu akurehemu na alitie nuru kaburi lako. Tutakukumbuka maisha yetu yote, Mama.

Nyumbani kwako siku hizi hakuna anayejibu kabla ya siku ya tatu.