Nguo ya Baharia

Yaya Furaha, dada yangu mkubwa, amani kwenu hapo Lemera.

Jana nilifika kwenye baa ya kando ya ziwa iliyopambwa kama meli, pale mdogo wetu Yona alipokuwa anahudumia wateja akiwa amevaa nguo ya baharia. Nilikaa, nikaagiza ugali na ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, kisha nikamuulizia. Mpishi mwenyewe alikuja mezani.

"Mama, waasi walipoingia mjini walizani nguo yake ni ya jeshi. Yona alilia, 'Minye siko askari, niko mutu wa baa!' Wakamupeleka. Hajarudi."

Wateja wengine waliacha kula. Mpishi akanipa shati la nyumbani la Yona, lililobaki jikoni.

Usimwambie mama kwanza. Lala karibu naye, Yaya. Sijui nianze kumtafuta wapi.

Mdogo wako, Neema