Anataka Niape Kwamba Hakuja Nyumbani

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na tafadhali uisome barua hii ukiwa umekaa, maana mimi ile barua ya jeshi niliisoma nimesimama nikajikuta chini.

Mume wangu Leodgar aliachishwa jeshi mwaka jana, 1981, akarudi hapa Ushirombo na sanduku la bati na ahadi, kwamba kuna malipo ya likizo ambazo hakuzichukua, siku themanini na nne, zikilipwa tu tunaezeka mabati, basi tukangoja, na mwezi uliopita jibu likaja kwamba ombi limekataliwa, kwa kuwa daftari linaonyesha mwaka 1980 alikwenda likizo siku hamsini na sita, Agosti na Septemba, akapewa waranti ya kupanda treni bure mpaka Isaka, na zile ishirini na nane za mwaka wa vita hana karatasi ya kuonyesha kwamba alinyimwa, kama hakuridhika akate rufaa ndani ya siku sitini.

Akasema karani alikuwa mlevi. Anataka Jumatatu twende mahakama ya mwanzo, niape mbele ya hakimu, kiapo kitiwe kwenye rufaa, kwamba miaka yote ile hakukanyaga nyumbani. Na kweli hakukanyaga, mshauri, hapo ndipo ninapokwama, kwa sababu Septemba ile baba yake alifariki, nikapeleka telegramu kambini, kimya, nikawaambia waombolezaji mwenzenu analinda mpaka, wakamsifu sana, na mzee akazikwa bila mwanawe.

Kumbe mpaka wenyewe uko nyuma ya stesheni ya Isaka, kwa mwanamke aitwaye Zuwena mwenye mgahawa! Nimeambiwa na kaka yangu Marselino, anayepakia marobota ya pamba pale stesheni. Nilipomsomea barua aliinama akatazama buti zake, nami nikazitazama, buti za jeshi, alizopewa na shemeji yake ili asione kitu.

Nikamuuliza mume wangu, "Baba Kamili, Agosti ile ulikuwa wapi?"

"Kambini."

"Marselino amesema."

Akasema, "Kwani wewe utakuwa umedanganya nini? Si kweli sikuja nyumbani?"

"Na baba yako je?"

"Unataka maneno au unataka mabati?"

Mama mkwe, ambaye hajui lolote, kila siku ananiambia namnyima mwanawe jasho lake. Nikiapa nitakuwa nimesema kweli ya kusaidia uongo, nikikataa watoto watanyeshewa na mimi ndiye nitakayelaumiwa. Nifanyeje?

Mama Kamili, Ushirombo

* * *

Mama Kamili,

Pole, na hongera kwa kuolewa na mtu mwenye akili. Wanaume wengi ninaoletewa hapa hudanganya kwa uongo, njia ya wavivu. Wako ameazima ukweli wa mkewe, na wala hajasema ataurudisha lini.

Lakini wewe nawe! Nani alikutuma kuwaambia watu analinda mpaka? Telegramu haikujibiwa, ukamtungia jibu. Hata yeye nadhani asingejisifu vizuri hivyo. Na huyo kaka yako aliyeuza macho yake kwa jozi moja ya buti, mwambie alipunjwa, angedai na soksi.

Sasa sikiliza. Siku hamsini na sita amekwisha kuzila, tena kwa wali wa moto. Asizitaje tena popote. Waranti ina nakala, na hakimu akigundua, hatakuuliza kama maneno yako yalikuwa ya kweli, atakuuliza kama ulijua yanatumika kwa kazi gani. Wewe unajua. Sasa hata mimi najua.

Zile ishirini na nane za mwaka wa vita ni haki yake, na ndicho kinachoniudhi, kwamba haki yake ameifukia mwenyewe chini ya tamaa. Amwandikie aliyekuwa mkuu wa kikosi chake, aombe barua ya kuthibitisha kwamba mwaka ule likizo zilisimamishwa. Aiambatanishe na rufaa, rufaa fupi, isiyomtukana karani, aitume kwa rejista ya posta kabla siku sitini hazijaisha na stakabadhi aitunze. Mabati ya siku ishirini na nane hayatatosha nyumba nzima. Ezekeni chumba cha watoto. Yeye alale penye paa la nyasi, si askari?

Kabla ya yote hayo, akae na mama yake amwambie alikuwa wapi siku mzee alipozikwa. Aseme kwa mdomo wake. Wewe kazi ya kumsemea umeifanya bila mshahara, na leo nakuachisha.

Zuwena mwache. Usipande lori kwenda kumtukana, kwani sitashangaa kusikia aliambiwa wewe ulikwisha kufa. Mwenye deni la maelezo unakula naye sahani moja.

Jumatatu akivaa shati la kwenda mahakamani, mtakie safari njema. Wewe chukua jembe uende shambani.