Gunia la Kanisa Limeenda Kiwandani

Jumapili, tarehe 14

Orodha yangu ya vifaa vya ibada haikuwa na kosa. Spika, waya wa umeme, kitambaa cha meza, vikombe vya Meza ya Bwana, vyote nilivipiga tiki jana. Kosa lilikuwa gunia. Zipu ya begi iliharibika, nikatia vitu kwenye gunia la majani chai na kuliacha kwenye kituo cha kuuzia majani, tunakofanyia ibada, nisije nikalibeba kwenye matope leo.

Sikujua kwamba lori la kiwanda cha chai lilikwama jana kabla ya kufika kuchukua majani. Lilifika leo alfajiri, wapakiaji wakabeba kila gunia waliloliona.

Karani wa kituo alinipigia saa moja asubuhi. "Mama Chebet, majani yako yamefika kiwandani. Siku hizi unachuma na spika?"

Alicheka, kisha akanieleza mengine. Meneja wa kiwanda ameuliza ingekuwaje kama vile vikombe vingeingia kwenye mashine. Anataka kutunyang'anya ufunguo wa kituo.

Tuliabudu bila spika. Mvua ilipiga mabati, mahubiri hayakusikika.

Baadaye pasta akaniambia mbele ya watu, "Si nilisema tununue sanduku?" Hakusema. Niliomba mimi, mara tatu, akajibu viti kwanza. Bado nimekasirika.

Kesho anataka niende kwa meneja, eti mimi ndiye niliyepakia. Nitaenda. Nitamwambia kwamba kanisa letu lote linaenea kwenye gunia moja, na akitufungia hatuna pengine pa kulifungua.